Mkono Ulioinuka Mapema

Nyinyi vijana mnaopita barazani kwangu hapa Sumbawanga mnapenda kuniuliza, "Babu Nestori, zamani ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikisema nilikuwa fundi santuri, mnachekelea, halafu hakosekani mmoja wa kuuliza kama nilikuwa natengeneza na radi. Acheni utani huo wa uchawi wa Sumbawanga, umechosha. Mimi nimekula ugali wa ulezi kwa kutengeneza mashine za kupigia sahani za muziki tangu sina ndevu mpaka macho yalipogoma kuona bisibisi ndogo. Nimekuta panya amezaa ndani ya spika. Nimeletewa sahani iliyoanikwa juani pamoja na maharage. Nilijua nimeshaona yote na hakuna cha kunishtua tena. Jamani! Mwaka huu nimeshtuka.

Ilianza na Neema. Huyu ni mjukuu wa Mzee Desderi, fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu. Neema alikuwa anakaribia kuolewa. Alikuja kwangu kwa bodaboda amekumbatia kitu kimefungwa kwenye kitenge.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Umebeba nini?"

"Mashine ya santuri. Nimeipata Tunduma kwenye mitumba. Nataka siku nitakapotoka nyumbani pale Kasense tupige ile sahani yenyewe ya kwaya, siyo tuimbe tu kwa kukumbuka. Mashine ya marehemu babu mota imekufa. Lakini na hii nimepigwa, babu." Akafungua kitenge, akainua kifuniko cha mashine. "Ona. Haina mkono wa sindano!"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Neema akanuna, akadhani namcheka yeye. Mimi nilikuwa namcheka Mzee Desderi.

Kwa maana mashine ya namna hiyo ilishawahi kufika kibandani kwetu, nyuma ya soko, mimi nikiwa bado najifunza. Aliileta mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kirando, Bwana Shabani, mtu mpole mwenye kanzu safi. Mzee Desderi akainua kifuniko, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Bwana, mkono umeibiwa." Bwana Shabani akaapa kwamba mashine haijatoka machoni pake tangu ziwani. Mzee akang'aka, "Unataka kusema mimi sijui mkono? Nenda kamuulize aliyekuuzia!" Yule bwana akafunga mzigo wake kwa hasira, akaondoka, na hakukanyaga tena kwetu. Baadaye sana, mimi nikiwa fundi wa kujitegemea, ndipo nikaelewa kwamba mkono ulikuwepo. Tulikuwa tumeufunua pamoja na kifuniko.

"Chungulia chini ya kifuniko," nikamwambia Neema.

Akainama. Akaona kijikono kifupi kimejibanza kwenye reli yake, ndani ya kifuniko chenyewe. "He! Kimejificha humo kinafanya nini?"

Basi nikamweleza, na nyinyi sikilizeni, maana siku hizi naona mmeanza tena kununua sahani na kupigana mitandaoni ipi ni mashine bora. Mashine nyingi mkono wake umefungwa kwenye nguzo pembeni, nao unakwenda kama mlango unavyofunguka, kwa kuzunguka. Hii ya Neema mkono wake unakwenda kama droo, moja kwa moja kutoka ukingoni mpaka katikati. Sisi tuliita mkono wa nguzo na mkono wa reli. Sasa, kule kiwandani sahani huchongwa na chuma kinachokwenda kwa mstari ulionyooka, kama droo. Kwa hiyo mkono wa reli unapita palepale ulipopita mchongaji. Mkono wa nguzo unakaa sawasawa mahali pachache tu, kwingine sindano inakaa kiupandeupande, na kadiri unavyokaribia katikati ndivyo sauti inavyoanza kukwaruza. Tena mkono wa nguzo una tabia ya kuvutwa kwenda katikati, ndiyo maana unaona umewekewa kispringi au kijiwe cha kuuzuia.

Msikimbilie kusema basi wa reli ndio bora. Wa nguzo ukiugua nautibu kwa springi ya kiti cha baiskeli. Wa reli una mota yake, una mkanda wake, una jicho la mwanga la kuona kama sahani ipo, na vumbi letu la kiangazi likiingia kwenye reli, mkono unakwenda hatua unasimama, unakwenda unasimama, wimbo unarudia neno moja mpaka wageni wanaaga. Ukiugua, unaugulia kichwani.

Na kosa kubwa la mkono wa nguzo si la mashine, ni la wenye mashine. Mwenye baa mmoja wa Chala sindano yake ilikuwa inaruka watu wakicheza karibu. Badala ya kuweka mashine mahali palipotulia, akaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono. Ikaendelea kuruka, akaongeza nati ya trekta. Nati ya trekta! Nilipoitwa, nikakuta unga mweusi umejaa kwenye sinia la kuzungushia sahani. Nikamuuliza huu nini. Akajibu bila wasiwasi, "Vumbi la Chala hilo, fundi." Nikamwambia, "Bwana wewe, siyo vumbi. Hizo ni nyimbo zako!" Alikaa chini palepale kwenye kreti la soda.

Lakini nilikuwa namzungumzia Mzee Desderi. Alikuwa fundi, jamani, acheni mchezo. Alikuwa anauma kijiti kwa meno, anagusisha ncha yake kwenye mashine inayozunguka, anafumba macho, kisha anasema, "Bushi imelika." Unafungua, bushi, kile kipete kinachoshika mhimili, imelika kweli. Alikuwa anasawazisha meza kwa kuweka maji kwenye sahani ya bati, na maji yakilala upande mmoja unashushiwa wewe makaripio kana kwamba umeyalaza wewe. Ukipuliza sindano kwa mdomo unazabwa kofi, kwa sababu mate yanaozesha. Mpaka leo natumia brashi, na mkono wangu wa kushoto bado unajilinda shavu.

Ila wimbo wenyewe Mzee alikuwa hana habari nao. Kwake wimbo ulikuwa kelele za kupimia mashine. Akisikia kidogo mwanzoni na kidogo katikati, amemaliza, anaitia mashine kwenye gunia, mwenyewe aje achukue.

Na kuliko kitu chochote duniani alikuwa anazionea huruma sindano. Zilikuwa zinatoka mbali, zinapanda na basi la Mbeya, na masika barabara ikikatika tulikuwa tunakaa bila sindano mpaka nchi ikauke. Kinachoua sindano upesi ni ile karatasi ya katikati ya sahani. Mashine ikichelewa kuinua mkono, sindano inateleza, inapanda karatasi, inakwaruza, kwisha. Sasa mashine nyingi za wakati ule zilikuwa zinajiinulia mkono zenyewe. Chini ya sinia kuna kibati kidogo, mkono ukifika karibu na mwisho unakisukuma, na mashine inajua kazi imekwisha. Mzee Desderi alikuwa anakikunja kile kibati kwa koleo, ili kisukumwe mapema kidogo, kama upana wa punje mbili tatu za ulezi kabla ya mwisho.

Kila mashine iliyopita kibandani ilikunjwa. Imeletwa kwa waya, inakunjwa. Imeletwa kwa mkanda, inakunjwa. Sindano za Sumbawanga zikawa zinaishi maisha marefu kuliko za mji mwingine wowote, na Mzee akapata sifa toka Ilemba mpaka Chala. Nami nikafundishwa hivyo, nikaona ndivyo kazi inavyofanywa. Nyimbo nyingi mwishoni zinafifia zenyewe, ni nani atakayegundua kwamba zimekatwa mkia?

Sasa njooni kwenye sahani ya Neema.

Zamani, vijana wa Kasense walikuwa na kwaya yao, wakapata bahati ya kwenda kurekodi Dar es Salaam. Waliimba wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani kwao. Mmoja wa waimbaji alikuwa msichana aliyeitwa Oliva, ambaye Mzee Desderi alikuwa ameshamchumbia. Kiongozi wa kwaya alikuwa amempa Oliva ubeti wa mwisho aimbe peke yake, kwa kuwa alikuwa na sauti ambayo, wale waliomsikia wanasema, ilikuwa inawafanya watu waache kutafuna. Basi Kasense nzima ikajua: sahani ikija, Oliva atasikika.

Sahani ikaja. Watu wakajaa nyumbani kwa kina Oliva, na Mzee Desderi, mkwe mtarajiwa, akaja na mashine yake mwenyewe, amevaa koti. Mimi ndiye niliyembebea betri. Wimbo ukapigwa. Kwaya inaimba:

Nenda, mwanangu, nenda,
ulezi umeshaiva,
mzigo uko kichwani,
usitazame nyuma.

Mkono ukainuka. Kimya. Watu wakamtazama Oliva. Wakapiga tena. "Usitazame nyuma," mkono ukainuka. Ubeti wa Oliva haukuwepo.

Mtaniuliza, hamkuona kwamba kuna mifereji iliyobaki? Tuliiona. Kila sahani ina mifereji mitupu karibu na karatasi, tukajua ndiyo hiyo. Redioni nako mtangazaji alikuwa haachi wimbo uishe, anaingiza maneno yake. Mashine zote za mji zilikuwa zimepita kwetu. Basi ikakubalika kwamba wale wataalamu wa Dar wamemsikia Oliva, wamemwona anaharibu, wamemkata. Watu wana midomo! Wakampachika jina, Mkatwa. Akipita kisimani, "Mkatwa huyo." Na kwaya yenyewe ikaacha kuimba ule ubeti, ikawa inaishia pale inapoishia sahani, kwa sababu sahani ndiyo iliyotoka Dar.

Oliva hakuimba tena. Si kanisani, si shambani, si kwa mtoto mgongoni. Mzee Desderi alimwoa na akampenda, hilo nalishuhudia. Alikuwa anafoka mbele yetu, "Washenzi wale wa Dar! Masikio yao yameziba! Mke wangu wamemkata bure!" Alikuwa anamaanisha. Nilimwona siku moja machozi yanamlengalenga akisema hivyo, huku koleo liko mkononi mwake, anakunja kibati cha mtu.

Jambo jingine nalo mnalijua, ila hamjui lilikotoka. Kasense, bibi harusi anapotolewa nyumbani, wimbo ukifika "usitazame nyuma" watu wote wanakata ghafla, wanainua mkono wa kulia juu, kimya, na bibi harusi anavuka kizingiti. Nimesikia mkiambizana kwamba hiyo ni mila ya mababu wa Ufipa. Wengine wanasema ni kiapo. Mila gani! Vijana wa wakati ule walikuwa wanaigiza mashine inavyoinua mkono, wakichekana, na watoto wao wakaiga bila kicheko.

Haya. Nikaitengeneza mashine ya Neema. Mkanda wa kuvutia mkono ulikuwa umelegea, nikajaribu kukata mpira wa ndani wa baiskeli, ukawa mgumu, mkono ukawa unaruka kama chura. Nikaweka mkanda wa redio kaseti ya zamani, ukakubali. Reli nikaifuta kwa pamba na spiriti, nikaipaka tone la mafuta ya cherehani. Tone, nimesema, siyo kijiko. Jicho la mwanga nikalipangusa. Nikamwambia Neema alete sahani.

Neema hakuja peke yake. Mama Oliva mwenyewe alishuka kwenye bajaji, amekumbatia mkoba. Siku hizi ni bibi, magoti yanamsumbua, lakini mimi namwita Mama kwa kuwa ni mke wa fundi wangu na amenilisha sana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Nestori. Sahani yangu haiendi mahali bila mimi. Umekonda. Wakwe zako hawakupikii?"

Akakaa kwenye kochi, akatoa sahani kwenye kanga. Nikaiweka. Nikafunga kifuniko. Nikabonyeza kitufe, na mkono ukaanza kutembea wenyewe kwenye reli yake humo ndani, hakuna aliyeugusa.

"Babu, hii ndiyo Sumbawanga sasa," Neema akasema.

"Nyamaza, usikilize."

 Wimbo ukaenda vizuri, safi, naisikia mpaka pumzi ya waimbaji. Ukafika "usitazame nyuma". Sote watatu tukainua mkono wa kulia, kwa mazoea tu, hata Mama Oliva na bega lake bovu.

Mashine haikusimama.

Mkono wangu uko hewani. Sauti ya msichana mmoja ikatoka kwenye spika, peke yake, nyembamba, imenyooka, haina haraka:

Na ukichoka, mwanangu,
njia ni ile ile,
mama hajafunga mlango,
chungu kiko jikoni.

Kisha kimya, na mashine ikarudisha mkono wake nyumbani taratibu.

Salaale!   Neema alikuwa bado ameinua mkono, ananitazama mimi, anamtazama bibi yake.

"Nani huyo?" Mama Oliva akauliza.

Neema akashusha mkono taratibu.

"Nestori. Nakuuliza. Nani huyo anayeimba?"

"Ni wewe, Mama."

"Zima."

"Imeshazima yenyewe, Mama."

"Basi rudia."

Nikarudia. Alisikiliza ameshika magoti yake yote mawili, hapepesi macho. Ubeti ulipokwisha akasema polepole, "Hawakunikata." Halafu kwa sauti kubwa, "Neema! Hawakunikata! Niko humu! Nimekaa humu siku zote!" Akapiga kifuniko cha mashine kwa kiganja. "Sasa nani aliyenizuia kutoka?"

Nami nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimejua tangu sauti ile ilipotoka, na nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Lakini mtu mzima kama yule huwezi kumdanganya kwenye jambo lake mwenyewe. Nikavuta mashine yangu ya zamani ya mkono wa nguzo, nikatoa sinia, nikamwonyesha kibati. Kimekunjwa, na alama za meno ya koleo zinaonekana mpaka leo. Nikamweleza habari ya sindano, karatasi na punje za ulezi. Nilikuwa naeleza huku naogopa kumtazama.

"Koleo la nani?" akauliza.

"La Mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee Desderi, Mama."

Weee! Akaweka mkoba chini, akanigeukia.

"Desderi wangu?" akasema. "Desderi aliyekuwa anawatukana watu wa Dar mezani kwangu, chakula kinapoa? Desderi niliyemfulia mashati? Huyo ndiye aliyenikata?"

"Hakujua, Mama. Naapa mbele ya Mungu hakujua. Hakuwahi kuacha sahani iishe maishani mwake. Alikuwa analinda sindano."

"Alilinda sindano." Akatikisa kichwa. "Nestori, fundi gani huyo wa nyimbo asiyesikiliza wimbo mpaka mwisho?"

 Ndilo swali ninalowaachia nyinyi mnaoshika mashine za watu, za aina yoyote.

Nilitegemea alie. Hakulia. Alianza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, kicheko kile kinachoweza kugeuka wakati wowote. "Mjinga yule," akasema. "Mjinga wangu yule. Lete koleo."

Nikampa. Akakikunjua kile kibati mwenyewe, kwa vidole vyake vya baridi yabisi, hakutaka nimsaidie. "Sasa weka sahani kwenye hii ya mlango." Alikuwa amenielewa vizuri tu habari ya mlango na droo.

Nikaweka, kwa sababu hata mimi nilitaka kusikia. Mkono wa nguzo ukafika kule mwisho ambako haukuwahi kuruhusiwa kufika, na sauti ya Oliva ikatoka, lakini imekwaruza, kila "s" inatema mate, kama mtu mwenye mafua. Hapo ndipo tofauti ya mashine hizi mbili inapoonekana wazi, vijana, si mwanzoni mwa sahani, ni pale kwenye mifereji ya mwisho.

Nikamwambia, "Unasikia, Mama? Ya reli ndiyo inayokupa ulivyokuwa."

"Na hii ya nguzo inanipa nilivyo leo," akajibu. "Zote zimesema kweli. Zima."

Neema alikuwa ameanza kulia kimyakimya. "Bibi, hujawahi kutuimbia hata siku moja. Mama anasema hata yeye hukumwimbia."

"Ningeimba nini? Nilikuwa nimeambiwa naharibu."

"Basi siku yangu tutapiga sahani, watu wote wa Kasense wakusikie. Babu ataleta hii mashine."

Mama Oliva akafunga sahani yake kwenye kanga. Nikaona uso wake umebadilika, kicheko kimeondoka.

"Mabibi harusi wangapi tumewatoa pale Kasense kwa wimbo ule?" akaniuliza. "Watoto wa watu. Tunawaambia usitazame nyuma, tunainua mikono, wanakwenda. Yule mtoto wa jirani yangu alifukuzwa na mumewe amevunjwa mkono, akalala kwenye banda la ng'ombe la watu, hakuthubutu kugonga kwao. Aliniambia mwenyewe: 'Bibi, mliniimbia nisitazame nyuma.' Na dawa ya maneno yale ilikuwa humu ndani, kwenye sanduku langu." Akainuka kwa shida. "Sahani itabaki nyumbani. Harusini nitakwenda mwenyewe."

"Utaimba, bibi?" Neema akauliza.

"Sijui. Koo hili ni la zamani kuliko hiyo mashine."

Kwa hiyo siku ya harusi mimi nilikuwa na wasiwasi kuliko bwana harusi. Tulijaa uani pale Kasense, upepo wa nyanda za juu unapeperusha vilemba, masufuria yanachemka nyuma ya nyumba. Nilimwambia mke wangu peke yake, naye akaniambia usimkodolee macho bibi wa watu, utamtia hofu. Nikajitahidi kutazama kuku.

Neema akatokea mlangoni amefunikwa kitenge. Wimbo ukaanza, wanaume kwa wanawake. Mama Oliva alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na kizingiti, mdomo umefungwa, kama alivyofanya kwenye kila harusi tangu alipoitwa Mkatwa. Ubeti wa kwanza, wa pili. Midomo yake bado imefungwa. Nikasema moyoni, basi, imeshindikana, tumemchosha bibi wa watu.

"Usitazame nyuma!" Tukakata. Mikono yote ikapanda juu, uani pote kimya. Neema akainua mguu avuke kizingiti.

"Na ukichoka, mwanangu."

Haki ya Mungu, ni Mama Oliva. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, ile ile ya mashine yangu ya nguzo. Alikuwa amesimama, ameshikilia kiegemeo cha kiti. Neema akabaki na mguu mmoja ndani, mmoja nje. Wazee walitazamana. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mama yangu, Mkatwa anaimba," na akazibwa mdomo na mwenzake. Hakuna aliyejua afanye nini na mkono wake, kwa hiyo yote ilibaki juu, midogo na mikubwa, mpaka wa bwana harusi.

"Njia ni ile ile," akaimba. Aliyumba kidogo hapo, akasimama, akavuta pumzi, akaendelea. Nilimwona yule binti wa jirani, amesimama karibu na masufuria, mkono wake ule uliovunjwa haunyooki vizuri lakini nao uko juu. "Mama hajafunga mlango. Chungu kiko jikoni."

Akamaliza. Akatutazama sote, uani pote, msitu mzima wa mikono iliyoganda hewani.

"Haya," akasema Mama Oliva, "sasa shusheni."